Utamu wa Ngano Iliyoota

Ukitaka kumjua Hosiyat, usimtafute siku za kawaida. Siku za kawaida ni mjane mnene kiasi, mwenye magoti mabovu, anayefuga kuku wasiotaga na kuwatetea kama watoto waliosingiziwa wizi. Mtafute wiki chache kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya, theluji inapoanza kudondoka matone kutoka mapaani. Hapo utamkuta amekunja mikono ya gauni, anachambua ngano punje kwa punje, na ukimsalimu atakujibu bila kuinua kichwa.

Mimi naitwa Kumri, jirani yake hapa mtaa wa Anjirzor, upande wa Urgut. Kati yetu upo ukuta wa udongo uliobomoka pembeni, na hatuuzibi kwa sababu hapo ndipo tunapopitishiana sahani. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyapata kwa watu. Nilikuwepo, na pale ambapo sikuwepo, nilikuwa ukutani.

Jungu la sumalak la mtaa mzima lilikuwa mikononi mwa Hosiyat tangu mama mkwe wake alipofariki. Sumalak ni uji mzito wa rangi ya kahawia, unaopikwa kwa maji ya ngano iliyoota, unga na mafuta, basi, ukakorogwa mchana kutwa na usiku kucha mpaka Nairuzi inaingia. Hautiwi sukari. Ukitia sukari umewatukana marehemu wote wa mtaa. Na bado, ukipikwa sawasawa, unakuwa mtamu hata watoto wanagombania mwiko. Utamu huo unatoka wapi? Ukiwauliza wanawake wa Anjirzor watakuambia unatoka kwenye nia. Moyo safi, jungu tamu. Moyo mchafu, shauri yako.

Ndiyo maana tuna desturi yetu, sijui kama mitaa mingine wanayo. Ngano iliyoota ikishasagwa na kukamuliwa, yale maji yake meupe yanamiminwa junguni pamoja na unga, na chini yanaachwa makaa tu. Kila mwanamke wa kila nyumba, kuanzia bibi asiyeona hadi binti aliyeanza juzi kufunga kitambaa, anashika mwiko, anakoroga kidogo, ananuia kimoyomoyo anachokitaka mwaka huo, halafu anampa mwenzake. Kuni haziongezwi mpaka wa mwisho amalize. Na wanawake wetu hawajui kuomba kitu kimoja. Mmoja ataomba mtoto, ng'ombe, nafuu ya mgongo, mume aache vodka, ampe mwenzake mwiko, kisha akumbuke jambo jingine akiwa ameshafika langoni, arudi. Adhuhuri ilikuwa inatukuta palepale. Hosiyat anakaa kando anayachungulia makaa, na atakayethubutu kuyachochea atakiona.

Kisha ukaja ugomvi wa maji. Sisi wa Anjirzor ya juu tulisema zamu ya mfereji ni yetu, wale wa chini wakasema tumeiba zamu yao na miaprikoti yao imekauka. Wanaume wakapigana kwa mipini ya majembe, wakapatana baada ya wiki, wakanywa pamoja. Sisi wanawake hatukupatana. Mwanaume akigombana anapigana, anamaliza. Mwanamke wa Anjirzor akigombana anaacha kusalimia, na hilo halina mwisho.

Vuli hiyohiyo Davron, mtoto pekee wa Hosiyat, alioa. Mke aliitwa Zebiniso, msichana mwembamba wa mji wa mbali kidogo, safari ya basi ya asubuhi nzima. Tuliambiwa baba yake anafanya kazi kiwandani, mambo ya nafaka. Bibi harusi akainamishwa kichwa kwa kila jamaa kama ilivyo ada, tukala pilau yake, na kabla hina haijafutika mkononi, Davron akarudi Urusi kujenga maghorofa ya watu. Zebiniso akabaki kufagia ua kabla ya jua kuchomoza na kumimina chai huku mkono mmoja ukiwa kifuani kwa heshima. Hakuwa msemaji. Watu wasiosema hapa kwetu wanasemewa.

Nairuzi ya kwanza baada ya harusi, wanawake wa chini hawakuja kunuia. Tulikuwa sisi wa juu tu, wachache, na baridi ilikuwa kali, kila mtu akanuia harakaharaka akaingize mikono kwapani. Hosiyat akaongeza kuni. Asubuhi ya pili tulifunua jungu. Usiniulize ladha. Uji ulikuwa mweupe, unavutika, ungeweza kubandikia mabango ya uchaguzi.

"Labda ngano," nikasema.

"Ngano ni ileile," Hosiyat akajibu. Alikula bakuli zima peke yake, makusudi, mbele ya watu. Uso wake sitausahau.

Mwaka uliofuata yakawa yaleyale. Safari hii hakuna aliyetaja ngano. Inobat, anayekaa mkabala na msikiti na anayejua mambo ya kila nyumba kuliko wenye nyumba, aliweka kijiko chini akafuta mdomo.

"Mimi simsemi mtu," akasema. "Ila jungu hili lilikuwa tamu miaka yote. Tujiulize wenyewe, nani ameongezeka?"

Macho yote yakaenda kwa Zebiniso aliyekuwa anakusanya vyombo. Mwingine akadakia kwamba hata mimba hajashika. Mume yuko Urusi, mimba aishike kwa simu? Nililisema hilo kwa sauti, na wachache wakacheka, lakini neno la Inobat lilikuwa limeshaingia. Kutoka siku hiyo mtaa ulikuwa unapika majungu mwaka mzima, na jungu la Hosiyat ndilo pekee lililokuwa limelala.

Nyie, mwanamke wa watu alipata tabu. Maziwa yakichacha kwa jirani, Zebiniso alipita hapo jana. Ng'ombe akitupa ndama, Zebiniso alimtazama. Alipokwenda kuteka maji wenzake walikumbuka kazi nyumbani. Hakujibu hata mara moja. Nilimwona tu akizidi kufagia, ua ule ukawa msafi hadi unatia huruma.

Hosiyat alimpenda, hilo sina shaka. Lakini alizaliwa Anjirzor, na anaogopa Anjirzor. Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha alimwita wakakaa kwenye meza fupi yenye makaa chini yake, miguu chini ya blanketi, na mimi nilikuwepo, nimeleta boga.

"Mwanangu," akaanza, "watu wanasema."

"Nawasikia, Mama. Na wewe unasemaje?"

Hosiyat akachezea ukingo wa blanketi. "Jungu likikataa tena mwaka huu, itabidi uende kwa baba yako ukapumzike. Mpaka Davron arudi."

Hapa kwetu mke aliyepelekwa kwao kupumzika haulizwi atarudi lini. Kinachofuata ni masanduku yake. Zebiniso alilijua hilo kama mimi ninavyolijua. Akasema, "Sawa, Mama," akainuka kuongeza makaa.

Basi ngano ikalowekwa. Ikatandazwa juu ya mbao chumbani, ikanyunyiziwa maji asubuhi na jioni, ikaanza kutoa mizizi myeupe myembamba iliyoshikana mpaka ikawa kama zulia. Ikianza kuota majani ya kijani imeshachelewa, inakuwa chungu. Hosiyat alikuwa anaamka kuitazama kama mgonjwa. Siku alipoikubali, tulikaa jikoni watatu tunasaga na kukamua, mikono imetuganda.

Zebiniso ndiye aliyeanza kusema. "Mama, zile Nairuzi za zamani, kuni mlikuwa mnaongeza wakati gani?"

"Wakati gani tena? Watu wakimaliza kunuia."

"Na mwaka jana?"

"Wakimaliza kunuia. Nimekuambia."

"Lakini mwaka jana walikuwa wachache, Mama. Walimaliza chai ya asubuhi haijapoa. Zamani unasema mlifika adhuhuri."

Hosiyat akaacha kukamua. "Unataka kusema nini, mtoto wewe?"

"Nataka kusema jungu lilichemshwa kabla ngano haijamaliza kazi yake." Alisema hivyo macho yako kwenye beseni. "Punje ikiota, ndani yake kuna wanga uliowekewa mche, akiba yake. Ila mche hauna meno, hauwezi kuula wanga. Kwa hiyo punje inatengeneza vimeng'enya. Ni vitu vidogo mno, havionekani, kazi yao kuukatakata ule wanga uwe sukari, mche unyonye. Kimoja kinakata, kinaachia, kinakata tena. Chenyewe hakitumiki kikaisha. Sisi tunasaga punje katikati ya kazi hiyo, vimeng'enya tunavyo humu kwenye beseni, vizima. Vikipata uvuguvugu vinakimbia kazi. Vikipata moto wa kuchemsha vinakwisha. Kama ute wa yai, ukishaiva hauwezi kuurudisha ukawa maji."

"Nani amekuambia hayo? Shuleni?"

"Shuleni nilipata jina lake tu." Akakamua tena. "Ni baba. Anaotesha shayiri."

"Si mlisema yuko kiwanda cha nafaka?"

"Ni nafaka, Mama. Inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa, inatiwa maji ya moto kiasi mpaka inakuwa tamu. Halafu..."

"Halafu nini?"

"Halafu wenzake wanaitia hamira, inakuwa bia."

"Astaghfirullah!" Hosiyat akageuka kutazama mlango, nami nikageuka, maana sote tulimwona Inobat pale ingawa hayupo. Mkono wa mwana wa mpika bia ndani ya ngano ya Nairuzi! Sasa, hapa Anjirzor hakuna harusi isiyo na vodka, na wapo waume za watu wanaobebwa na toroli kurudi kwao, na asubuhi wanasukutua na kwenda kuswali safu ya mbele. Lakini kunywa ni ajali inayompata mtu. Kupika ni kazi anayoichagua. Ndivyo tulivyojipangia wenyewe.

"Ndiyo maana sikusema miaka yote miwili," Zebiniso akaendelea. "Nikinyamaza, nina moyo mchafu. Nikisema, nina baba mchafu. Niambieni nyie, ningechagua lipi?"

Hosiyat, badala ya kujibu, akasema maneno ya mpishi. "Thibitisha."

Zebiniso akamega kipande cha mkate mkavu, akampa. "Tafuna, usimeze. Endelea tu kutafuna."

Tulimtazama Hosiyat akitafuna kama mbuzi mzee. Mwanzoni uso ulikuwa wa mtu anayevumilia utani. Kisha nyusi zikapanda.

"Umekuwa mtamu," akasema, mdomo umejaa.

"Ni mate yako, Mama. Vimeng'enya vya namna hiyohiyo vimo humo. Na tumboni viko vingine vya nyama, vingine vya mafuta, kila kimoja na kazi yake, hakijui ya mwenzake. Wewe umekuwa unapika sumalak kinywani tangu uote meno."

Akachota maji ya ngano kutoka beseni lilelile akayagawa mabakuli mawili, akakorogea unga. Moja alilitia kwenye sufuria ndogo akalichemsha papo hapo. Lingine alilikalisha ndani ya maji ya moto, akalifunika kwa koti la Davron, akawa anachovya kidole kila mara na kubadilisha maji yakipoa. "Baba anasema moto mzuri ni ule unaoweza kuchovya kidole mara moja na usitamani kurudia," akatuambia. Tulimaliza kukamua, tukala supu, tukasema mengine. Alasiri tukaonja. La kwanza lilikuwa gundi ileile ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. La pili lilikuwa jepesi, kama limeyeyuka, na tamu. Hosiyat alionja, akaonja tena, akaonja tena, kama mtu anayetafuta kosa.

"Miaka yote nilidhani nailinda nia," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa nailinda saa."

"Umelinda vyote, Mama. Basi mwaka huu tusubiri tu, tuache makaa mpaka adhuhuri."

Hosiyat akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Tusubiri! Wewe hujui wanawake wa hapa. Wakae wanatazama makaa, mikono mitupu, kwenye baridi hii? Nikigeuka tu kuna mtu ameshatia gogo. Hawa lazima uwape foleni." Akaanza kuvaa buti. "Foleni yetu ya juu ni fupi. Nakwenda kuwaita wa chini."

"Usimwambie mtu habari za baba," Zebiniso akamwomba.

"Nimwambie nani?"

Nilimsindikiza. Alibisha hodi mlango kwa mlango kwa watu ambao tulikuwa hatujawasalimia tangu mfereji. Wengine walifungua nusu. Mmoja akamwuliza kama leo sisi wa juu tumeishiwa maji, tumekuja kuazima. Hosiyat alilimeza tusi hilo. Kila mahali alisema neno moja: "Jungu linawahitaji. Mimi siwezi peke yangu." Ni kweli tupu, hata kama hawakujua ukweli wenyewe, na alilisema akiwa amesimama kwenye matope na magoti yale.

Walikuja. Si kwa upendo, wengine walikuja kutazama kama tutaumbuka mara ya tatu. Lakini walishika mwiko, na mwanamke akishashika mwiko lazima anuie, na wao walikuwa na maombi ya miaka miwili yaliyolimbikizwa. Foleni ikapinda mara mbili uani. Inobat alisogea na gogo, "Hili jungu limelala, jamani," Hosiyat akamnyang'anya. Zebiniso alikuwa anapita na mabirika ya chai, na kila akipita karibu na jungu alichovya kidole, akakitoa upesi, akaendelea. Mimi na Hosiyat tu tulijua anachofanya. Nilihesabu foleni kana kwamba ni mimi ninayerudishwa kwetu.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi tulipotia kuni. Mengine yakaenda kama yanavyoenda kila mwaka: mawe safi yakatupwa ndani uji usigande chini, nyimbo zikaimbwa, jungu likakorogwa, watu wakapokezana kulala. Asubuhi ya Nairuzi Hosiyat alifunua. Rangi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, inang'aa. Akaonja, akafunga macho, na machozi yakamtoka hapohapo. Watu wakajaa na mabakuli. Wa chini na wa juu walikuwa wanalamba vidole na kusukumana, na nilisikia mtu akimsalimia mtu.

Hapo Inobat akapaza sauti ili wote wasikie. "Alhamdulillahi! Hosiyat, moyo wa mkamwana wako umetakata. Mwaka huu amenuia vizuri."

"Amina," wakaitikia.

Zebiniso alikuwa amesimama na mabakuli mikononi. Alimtazama mama mkwe wake. Hakumwomba ataje baba, hakumwomba ataje bia. Neno moja tu lingetosha, kwamba moyo wa mtoto huyu haukuwa na taka hata siku moja. Na Hosiyat aliwatazama wale wanawake, furaha yao, jungu lake lililorudi. Akasema, "Inshallah, inshallah." Akaendelea kupakua.

Nilikasirika, nikaweka bakuli langu chini.

Siku ya pili Zebiniso alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Mama, naomba ruhusa nikamwone baba."

"Nenda, mwanangu. Siku ngapi?"

"Sijui, Mama."

Alifagia ua kwanza. Kisha akaenda kupanda basi.

Wiki ikapita, na nyingine. Hosiyat alikuja kwenye ufa wa ukuta akiwa na sahani tupu, hajui amekuja nayo kwa nini.

"Hapigi hata simu, Kumri. Atarudi?"

"Ningekuwa mimi, nisingerudi."

"Lakini jungu lilikuwa tamu! Nani angemgusa tena?"

"Jungu ulilisifu," nikamwambia. "Yeye ulimwacha anasafishwa mbele ya watu kama sufuria." Sikulainisha. Urafiki wa ukuta uliobomoka haulainishi.

Alirudi ndani. Asubuhi iliyofuata akatokea amevaa gauni lake la harusi za watu, mkononi bakuli la sumalak aliyoihifadhi, limefungwa kwa kitambaa cha hariri. "Twende wote," akasema, "nikiwa peke yangu nitashukia njiani."

Tulipita mkabala na msikiti. Inobat alikuwa langoni kwake, naye anakula ya kwake iliyobaki, anaikwangua kwa kijiko.

"Mbona umependeza? Bakuli hilo la nani?"

"La mkwe wangu, baba yake Zebiniso."

"Yule wa nafaka?"

Hosiyat akasimama. "Yule wa bia," akasema, na alisema kwa sauti, maana walikuwepo wengine kwenye mfereji. "Anaotesha shayiri ya kiwanda cha bia. Amemfundisha binti yake kushika moto, binti yake kanifundisha mimi. Moyo wa mkamwana wangu ulikuwa safi toka siku aliyoingia, Inobat. Moto wangu ndio uliokuwa na makosa."

Inobat alikuwa na kijiko kizima mdomoni. Nilimkazia macho nione kama atatema. Alitutazama, akautazama ukoko kwenye bakuli lake, akameza.

Nyumba ya yule mzee ilikuwa ndogo, nyuma ya kituo cha treni, na tangu langoni ilinukia kama mkate unaotaka kuungua. Tolib, baba yake Zebiniso, alitoka anavaa koti upande, akarudisha gunia la shayiri nyuma ya mlango kwa mguu tusilione. Mtu mwenye haya. Alimwita Hosiyat "mkwe" kwa sauti ndogo, kama asiye na hakika kama anaruhusiwa. Tukaketishwa kwenye magodoro. Zebiniso akaingia na birika.

Alitusalimu kwa adabu zote. Akamimina chai. Kwetu mgeni unayetaka akae humiminiwa kidogo tu, chini ya nusu, ili uwe na sababu ya kuinuka umwongezee tena na tena. Kikombe kilichojaa hadi ukingoni ni neno: kunywa, uende zako. Changu kilikuwa nusu. Cha Hosiyat kilikuwa kimejaa hadi chai imevimba juu.

Hosiyat alikitazama. Baba mtu alikiona pia, akainamisha kichwa, hakumkemea binti yake.

"Niwie radhi, mwanangu," Hosiyat akasema.

Tolib akaruka. "Mkwe, hapana! Radhi inaombwa na mdogo, usinivunjie..."

"Niache. Nimekuja kwa basi na magoti haya ili niseme hilo." Akamgeukia Zebiniso. "Nimewaambia. Leo asubuhi, mfereji mzima umesikia, bia na yote."

Zebiniso alikaa chini, birika mapajani. Nje treni iliingia na kutoka. "Asante, Mama," akasema mwishowe. "Lakini nina swali. Jungu lilikuwa tamu, ndiyo umenifuata. Lisingekuwa tamu, je? Kama vimeng'enya vingekufa, ningekuwa mimi yuleyule. Ungefanya nini?"

Nilitamani Hosiyat aseme uongo. Yeyote kati yetu angeusema, na ungepokelewa.

"Ningekurudisha kwenu," Hosiyat akasema. "Ningelia, lakini ningekurudisha. Na ningekuwa nimekosa maisha yangu yote, bila kujua."

Zebiniso akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe kilichojaa, akakimwaga chote kwenye beseni la kunawia. Akakifuta kwa kitambaa. Akamimina tena, polepole, tone la kufunika chini ya kikombe tu, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kifuani.

Hosiyat akanywa, akarudisha kikombe. Akamiminiwa tena, kidogo.